Gauni la Kompyuta

Mwezi uliopita feni ya kompyuta ya ofisini kwangu Buhongwa ilianza kukoroma, nikaifungua mwenyewe, maana sina desturi ya kuita fundi. Nilipoondoa kifuniko harufu ikanipiga usoni: vumbi lililoungua, na ndani ya vumbi hilo, wadudu. Aliyekulia Mwanza anawajua. Wanapanda kutoka ziwani kama moshi, wanafuata kila penye mwanga, na asubuhi unawazoa kwa kizoleo chini ya taa. Wakiungua ndani ya mashine wananuka samaki na nywele zilizochomwa kwa pamoja. Nilikaa pale sakafuni na bisibisi mkononi, mtu mzima mwenye watoto wanaonizidi urefu, nikamkasirikia mjomba wangu upya kabisa.

Watu wa rika langu wanapenda kuniambia kwamba mambo ya utotoni yasamehewe. Sawa, wasamehe wao ya kwao.

Mama yangu alikuwa mpiga chapa. Alipiga bila kutazama vidole, huku anakuuliza kama umeshakula na kama umefua soksi, na barua ikatoka haina kosa hata moja. Alifanya kazi katika ofisi moja ya mambo ya pamba tangu kabla sijazaliwa. Kisha zikaja zile zama za ruksa, maduka yakajaa vitu na ofisi zikapungua watu. Mama akawa miongoni mwa waliopunguzwa. Kiinua mgongo hakikutosha hata kwenye karatasi, na badala ya sehemu iliyobaki wakampa kompyuta ya ofisini, iliyokuwa imeshachoka kabla hajaipokea. Mama alikubali. Watu walisema taipureta zinakwisha na kompyuta ndiyo mambo yenyewe, na yeye alikuwa na taipureta yake nyumbani tayari, nzito, nyeusi, aliyoinunua kwa jasho lake. Aliona kwamba akiwa na vyote viwili hatalala njaa.

Kompyuta ililetwa kwa mkokoteni, imefunikwa blanketi kama mgonjwa. Tulikuwa tumepanga Igogo, nyumba iliyobanwa na mawe makubwa, ukitoka nje unaliona ziwa kati ya jiwe na jiwe. Chumba cha mbele mama alikigeuza kuwa ofisi. Akamwita fundi wa rangi akamwandikia ukutani TUNAPIGA CHAPA, akaweka benchi la wateja na ua la plastiki. Baba alikuwa machimboni Geita, na barua zake zilikuwa zimeshaanza kuwa fupi. Chumba kile ndicho kilichotulisha. Kingefungwa, tungefungasha kurudi Bujora kwa bibi, nami ningeiacha shule yangu ya mjini. Mama hakunificha hilo. Alinieleza siku ile ile kompyuta ilipoletwa, anaifuta vumbi, kwa sauti ya kawaida tu.

Nyumbani kwetu hakuna kitu kilichokaa uchi. Mama alikuwa mfumaji. Redio ilikuwa na kitambaa chake, makochi yalikuwa na vitambaa, hata ndoo ya maji ya kunywa ilikuwa na kitambaa chenye shanga pembeni. Kitu cha thamani kinafunikwa. Asiyefunika kochi lake tulimwona kama mtu aliyetoka nje bila kuchana nywele. Kwa hiyo kompyuta ilipokaa tu mezani, mama akachukua vipimo. Kioo kilipata kitambaa cha kutupia juu, cha kuondoa wakati wa kazi. Lakini lile sanduku refu lililosimama pembeni, ambalo halina cha kutazama, lilipata gauni kamili: uzi mweupe, maua mbele, kamba za kufunga nyuma. Na kwa kuwa wadudu wa ziwani wanapenya tundu lolote, ndani yake mama akashonea bitana ya satini. Gauni hilo halikuvuliwa ila siku ya kufuliwa. Majirani walikuja kulitazama zaidi kuliko walivyokuja kuitazama kompyuta.

Mashine ikaanza kuzima. Inawaka vizuri asubuhi, mama anapiga barua ya maombi ya kazi ya mtu, anapiga kadi ya mchango wa harusi, halafu mchana kioo kinaingia giza na kila kitu kinapotea. Mama anasonya, anasubiri, inawaka tena, inazima tena. Ndipo akaitwa mjomba Shija.

Kwetu Wasukuma mtoto anayezaliwa baada ya mapacha anaitwa Shija. Mama yangu alikuwa Doto, pacha wa pili. Kulwa wake alifariki wakiwa wadogo. Shija alipozaliwa, mama alimbeba mgongoni naye mwenyewe akiwa bado wa kubebwa. Alimpikia, akamwogesha, baadaye akamlipia ada ya chuo cha ufundi kwa mshahara wa kupiga chapa. Mjomba alijifunza redio, akaenda kwenye televisheni, na kompyuta zilipoanza kuingia mjini akazikimbilia kabla ya wengine. Alikuwa mtanashati, anapaka mafuta ya nywele yenye harufu ya ndizi mbivu, na hakuja kwetu mikono mitupu hata siku moja. Kama si karanga ni sambusa. Nilimpenda kuliko baba. Naliandika hilo bila haya, maana ndilo linaloniuma.

"Shikamoo mjomba!"

"Marahaba daktari wangu. Mgonjwa anaendeleaje?"

Ndivyo alivyozungumza. Kwake mashine haikuharibika, iliumwa. Aliweka kiganja juu ya gauni, akatikisa kichwa na kumwambia mama, "Dada, hii ina homa." Mama alicheka, mimi sikucheka. Nilijua homa ni nini, nilikuwa naumwa malaria kila mvua zikianza. Tangu siku hiyo nilipita mbele ya kompyuta taratibu, na nikiachwa nayo peke yangu niliisemesha.

Mjomba alisema haina kumbukumbu ya kutosha. Alitufafanulia kwamba kuna vijiti vidogo vya kijani vinachomekwa ndani, na vikiongezwa mashine inapata nguvu. Kununua kompyuta mpya ilikuwa ndoto, lakini vijiti vilipatikana, vilivyotumika, kwa watu aliowajua yeye. Mama alifuma seti nzima ya makochi ya mke wa mwenye nyumba ili apate hela ya vijiti. Mjomba akavileta, akalivua sanduku gauni lake, akafungua na kunionyesha. Nilishika sahani ya skrubu. Alipowasha, zile namba nyeupe zinazohesabu kwenye kioo cheusi zilipanda, zikapanda, zikapita pale zilipokuwa zikiishia zamani. Mama akapiga kigelegele. Mjomba akafunga sanduku, akalivalisha gauni, akafunga kamba nyuma, na kesho yake mchana mashine ikazima kama kawaida yake.

Safari iliyofuata aliwahi kabla mama hajatoka sokoni. Alivichomoa vijiti vile vipya na kuvifunga kwenye karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara, halafu akarudisha vya zamani.

"Unavipeleka wapi, mjomba?"

"Navipeleka vikapimwe."

"Vimelazwa?"

Alinitazama, akacheka mpaka akashika kiuno. "Eeh, vimelazwa. Vikipona nitavirudisha." Mama aliporudi akamweleza hivyo hivyo, ila kwa lugha ya kikubwa, kwamba vina hitilafu na atabadilishiwa, na mama akasema, haya, asante baba. Nilivisubiri vijiti vile kama nilivyokuwa nikimsubiri mtu aliyelazwa hospitali ya Bugando. Nilikuwa nikimuuliza kila akija. Baada ya vijiti ikafuata diski ya ndani, kubwa zaidi ya ile ya zamani, nayo ikakaa kidogo, ikaugua, ikalazwa. Mama aliuza kitenge chake kizuri kwa ajili ya diski ile. Sikumbuki kuwaza vibaya. Mtoto akishamwamini mtu hahesabu vitu.

Kazi iliyokuwa ikitulisha hasa ilikuwa mitihani. Mwalimu mkuu wa shule yangu alimpa mama mitihani ya muhula, kisha akamsifia kwa walimu wakuu wenzake, wakaleta nao. Mitihani inataka kuchapwa kwa mfululizo, kwa siri na kwa haraka. Mama alifunga mlango, akachapa huku anahifadhi kila mstari kama mtu anayeokota mpunga punje kwa punje. Hata hivyo aliichelewesha. Mwalimu mkuu alikuja mwenyewe, akakaa kwenye benchi la wateja, akasema kwa upole, "Mama Kabula, muhula ujao ikiwa hivi itabidi nitafute pengine." Mama alimsindikiza mpaka barabarani. Aliporudi akaenda kumtumia salamu mjomba.

Sasa nifike Jumamosi yenyewe. Mama alikuwa amekwenda Bujora msibani, na wadudu walikuwa wamepanda siku hiyo, ziwa lote limefuka. Nilifunga madirisha. Niliwasha kompyuta ili nijifunze kuandika jina langu, jambo ambalo sikuruhusiwa. Muda si mrefu nikasikia sanduku linahema. Niliweka kiganja juu ya gauni kama mjomba. Lilikuwa la moto kweli kweli.

Nikafanya alichokuwa akinifanyia mama. Mtoto mwenye homa humwongezei nguo, unamvua. Nilifungua zile kamba, nikalivuta gauni kwa juu na kuliweka kwenye kiti. Nilikamua kitambaa cha maji mpaka kikawa kikavu, nikapangusa sanduku nje, mbele na ubavuni. Nyuma, penye feni, palikuwa na ngozi nene ya wadudu waliokufa. Niliwabandua kwa kucha huku natema mate kwa kinyaa. Kisha nikachukua kawa la chakula, nikalipepea sanduku. Kompyuta ikatulia. Niliandika Kabula, Kabula, Kabula, mpaka kioo kikajaa, adhuhuri ikapita, jua likaanza kuingia kwa mlango wa mbele, na haikuzima.

Mjomba alipofika nilimrukia. "Mjomba, imepona! Nimeivua gauni, haijazima tangu saa ile!"

Alisimama mlangoni. Nimeutazama uso ule mara nyingi kichwani mwangu, na nimejaribu kumpa kila nafasi. Inawezekana mwanzoni alikuwa hajui kweli. Ufundi wenyewe ulikuwa mpya na yeye alikuwa anajifunza kama sisi. Lakini Jumamosi ile alijua, maana hakuuliza swali lolote. Alitazama sanduku lililo uchi, akatazama nyuma penye feni, akatazama gauni kwenye kiti. Halafu akalichukua, akalikung'uta, akaivisha mashine. Alifanya hivyo polepole, kwa heshima, akanyoosha yale maua ya mbele, akafunga kamba nyuma fundo la kipepeo.

"Itaingiwa na wadudu," alisema.

"Lakini mjomba, haijazima!"

"Bahati tu hiyo. Kachemshe chai."

Nilichemsha chai. Alikaa akiitazama mashine, hakuigusa. Hajamaliza kikombe, kioo kikaingia giza. "Unaona?" akaniambia. "Homa bado iko ndani." Nami nikaona. Nilimwonea huruma, kwa sababu nilidhani ameumia moyo kama mimi.

Jioni mama aliporudi na vumbi la njiani kichwani nilimweleza yote, hata ile sehemu ya kuwasha bila ruhusa. Mama alinisikiliza akivua viatu. Hakuniamini wala hakunikatalia. Jumapili mjomba alipokuja kula, mama akamuuliza.

"Shija, huyu anasema jana mashine ilivuliwa gauni ikakaa mchana kutwa haijazima. Anasema ulikuwepo."

Mjomba alikuwa anakaza skrubu. "Jana? Dada, jana mimi sikufika huku kabisa. Nilikuwa Kirumba kutwa."

"Mjomba!" nilisema. "Si ulikunywa chai!"

"Kabula." Aliliita jina langu kwa upole ule ule wa karanga na sambusa. "Umeota, mama. Au ulikuwa unaichezea mashine ya watu?"

Mama alinigeukia. Alinichapa kwa mwiko, si sana, ila mbele ya mjomba. Nami sikumtazama mama, nilimtazama yeye. Nilingoja aseme kwamba anatania. Niliamini kabisa kwamba mama akinyanyua mwiko mara ya pili, mjomba atacheka na kusema, basi dada, mwache, nilikuwepo. Aliendelea kukaza ile skrubu, na alikuwa anaimba puani. Uongo wa watu wakubwa nilikuwa nimeshausikia. Baba alikuwa bingwa wake. Lakini huo wa baba ulisemwa kwa mama. Huu ulisemwa juu yangu, nikiwa nimesimama pale, na aliyeusema alijua kwamba mimi najua.

Sikusema tena habari za gauni. Nani angenisikiliza?

Mjomba akatoa hukumu ya mwisho: bodi yenyewe ya ndani imezeeka, vijiti na diski haviwezi kusaidia moyo uliochoka. Ipo bodi moja, imetoka Dar es Salaam, nzuri, na mwenye nayo hatasubiri. Mama hakuwa na kitenge kingine cha kuuza. Alikuwa na taipureta.

Tuliipeleka kwa Bwana Harish, Mhindi mwenye duka la karatasi na wino karibu na soko, ambaye mama alikuwa mteja wake tangu enzi za ofisi. Mjomba aliibeba, mama akatembea mbele. Bwana Harish alivua miwani, akapiga herufi moja, akapiga nyingine, akasikiliza.

"Mama Kabula, wewe usiuze hii," alisema. "Hii haitaki umeme. Umeme ikikatika, wewe unafanya kazi, wengine wote wanalala."

Mama alisita. Nilimwona akiishika ile mashine pembeni kama mtu anayemshika mtoto wake barabarani.

"Bwana Harish, mambo yanabadilika," mjomba akasema, kwa kicheko. "Dada yangu anaingia kwenye kompyuta moja kwa moja. Si ndiyo, dada?"

"Ndiyo," mama akasema.

Bodi ilikuja. Ikachomekwa, ikavalishwa gauni, ikazima. Ikalazwa, ya zamani ikarudishwa. Mwalimu mkuu hakuleta tena mitihani. Alisema amepata kijana mmoja wa mjini, mwepesi, hachelewi. Mama alijibu kwamba hakuna neno. Benchi la wateja likawa mahali pa kuanikia nguo mvua ikinyesha.

Siku moja mjomba akaja amevaa shati jipya. "Dada, Mungu amefungua mlango. Nimefungua ofisi." Ilikuwa Nyamagana, jirani na stendi, mahali ambapo watu wanashuka na shida zao mkononi. Alitaka dada yake awepo siku ya kufungua, kwa sababu bila yeye asingekuwa mtu. Mama alilia kwa furaha. Nawaambieni alilia, akamkumbatia, akasema Kulwa angekuwepo angeona. Wiki ile hakufanya kazi nyingine. Alichukua uzi wa buluu, akapima sanduku letu upya, akafuma gauni la kompyuta ya mjomba, la maua makubwa kuliko ya kwetu, akashonea bitana.

Tulikwenda tumevaa nguo za kanisani. Ofisi ilinuka rangi mbichi. Palikuwa na kreti za soda, marafiki zake, msichana aliyemwajiri anaitwa Neema, na mezani kompyuta inawaka, sanduku lake liko uchi kabisa. Pembeni yake kulikuwa na rundo la karatasi zilizochapwa. Nilikuwa nimeshajua kusoma vizuri. Ya juu ilikuwa na jina la shule yangu, na chini yake, Mtihani wa Muhula. Mama naye aliisoma. Nilimwona akiisoma, na nilimwona akiamua kutofikiri.

Akatoa zawadi. Watu wakapiga vigelegele, mjomba akalinyanyua gauni juu kila mtu alione. "Huyu ndiye aliyenilea," aliwaambia. "Alinibeba mgongoni." Akambusu mama kwenye paji la uso, akampa Neema lile gauni, akageukia kreti kufungulia watu soda.

Neema alitaka kuonekana mchapakazi. Akalikunjua, akalivalisha sanduku palepale, anahangaika na kamba za nyuma. Mjomba aligeuka na kizibo mkononi.

"We Neema! Toa hicho, mashine itachemka izime!"

Alisema bila kufikiri, kama mtu anayemwambia mwenzake achunge miguu. Watu waliendelea kunywa na kuongea, kwao hakuna kilichosemwa. Mama alikuwa ameishika soda yake karibu na mdomo, akaiteremsha mezani taratibu bila kuinywa. Mjomba aliona. Tabasamu lake lilibaki pale pale lilipokuwa, halikujua pa kwenda.

Nikauliza, kwa sauti yangu ya kuitikia darasani, "Mjomba, na vile vilivyolazwa, vilipona?"

Mama aliushika mkono wangu mpaka ukauma. "Tuage, Kabula," alisema. Akamgeukia ndugu yake. "Haya Shija. Mungu aibariki kazi yako."

"Dada, hata chakula bado! Kaa kwanza, dada."

"Nimeacha mashine inawaka," mama akasema, na tukatoka.

Haikuwa kweli, mashine ilikuwa imezimwa tangu juzi. Tulitembea kwa miguu mpaka Igogo, mama mbele, mimi nyuma, viatu vya kanisani vinanibana. Nilikuwa na maneno mengi kifuani. Nilitaka kumwambia habari ya ule mwiko. Nilitaka turudi tukachukue bodi yetu na vijiti vyetu na diski yetu mbele ya wale wanywa soda, na nilimkasirikia mama kwa kutembea kimya namna ile kama mtu anayetoka sala. Mpaka leo sijui kama alipaswa kupiga kelele. Najua kwamba hakupiga, si siku ile, si miaka iliyofuata, na kwamba kwenye misiba mjomba aliendelea kuketi upande wetu, akitafuna.

Tulipofika mama hakubadilisha nguo. Alikwenda moja kwa moja mezani, akafungua kamba, akalivua gauni na kulitupa sakafuni. Sikuwahi kumwona akitupa kitambaa chini. Akafungua madirisha yote mawili, akawasha, akavuta kiti, akanionyesha nami nikae. Feni ilivuma. Harufu ile ikatoka, ya samaki na nywele zilizochomwa, ikapungua, ikaisha. Hakuna mtu aliyebisha hodi. Muhula ulipokwisha chumba tulikirudisha kwa mwenye nyumba, nami nikaanza shule Bujora, lakini alasiri ile bado kilikuwa chetu, na tulikaa ndani yake tukitazama kompyuta inayofanya kazi. Jua lilitoka mlangoni, likapanda ukutani mpaka kwenye yale maandishi ya TUNAPIGA CHAPA, likaondoka. Kompyuta ilikuwa inawaka tu. Mama alikuwa ameweka vidole juu ya vitufe, vimekaa sawasawa kila kimoja mahali pake, na mezani hapakuwa na karatasi ya mtu yeyote.

"Uliniambia," alisema, bila kunitazama.

Kisha akanyoosha mkono, akaizima mwenyewe.